Beta wa mapezi mafupi: plakati, jitu, jike au imbelisi?

Dukani, beta ndiye samaki anayeuzwa kikombeni kama mtindi. Wenzake wako kwenye matangi makubwa wanazunguka kwa makundi. Yeye kapangwa rafuni, kila mmoja na kikombe chake, na kati ya kikombe na kikombe muuzaji kachomeka kipande cha karatasi ili wasionane. Ichomoe karatasi hiyo kwa sekunde kumi tu uone: mapezi yanafunguka, mashavu yanatuna, mwili unatetemeka, na samaki wa urefu wa kidole gumba anataka kumla mwenzake pamoja na plastiki yake.

Wanaoniomba ushauri huwa wameshafika mbele ya rafu hiyo na wameshaamua jambo moja: hawamtaki yule wa mapezi marefu. Nawaelewa. Mapezi marefu yanapendeza kama kanga inayopepea kambani, lakini ni mzigo. Yanachanika kwenye mapambo, yanaoza maji yakichafuka, na wako beta ambao wakichoka kuyaburuta huyatafuna wenyewe. Mapezi mafupi hayana kero hiyo. Yana nyingine, na watu huigundua wakiwa wameshalipa: samaki asiye na mzigo ana nguvu, na nguvu hiyo lazima iende mahali. Isipoenda kwenye kuogelea na kuwinda, itaenda kwenye kifuniko, kwenye kioo au kwenye mkia wa jirani. Kwa hiyo hapa ninalinganisha nguvu ya kila mmoja na tangi ulilonalo nyumbani.

Jina plakati limetoka Kithai, pla kat, yaani samaki anayeng'ata. Kwao ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na madimbwi ya bonde la mto Chao Phraya. Charles Tate Regan alimpa jina la kisayansi, Betta splendens, mwaka 1910, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Watu wa huko wamemfuga kwa miaka isiyopungua 1,000, na kwa muda mrefu walikuwa wakimchagulia mbegu kwa ajili ya mapigano ya kamari. Urembo ulikuja nyuma. Beta wa porini hupambana dakika chache, mmoja akakubali yaishe na kukimbia. Plakati wa ukoo wa mapigano ni mjukuu wa wale waliokataa kukimbia. Likumbuke hilo muuzaji akikuhakikishia kwamba huyu ni mpole.

Wanaoshindania nafasi ni wanne: plakati dume wa kawaida, plakati jitu, beta jike, na imbelisi, ambaye ni binamu wa porini mwenye mapezi mafupi ya asili.

Vigezo

Nimewapima kwa mambo matano yale yale. Kwanza tabia: kwa mwenzake, kwa samaki wengine, na kwako unayemlisha. Pili nafasi, kwa lita. Tatu malezi ya wiki ya kawaida, ile ambayo umechoka na maji hayajabadilishwa. Nne, kasoro za kuangalia kabla ya kununua. Tano, anamfaa nani.

Bei nimeiacha nje kwa sababu inayumba duka hadi duka, na mara nyingi tangi, hita na chujio ndivyo vinavyomaliza pesa. Rangi nayo nimeiacha. Hiyo utaichagua mwenyewe, na ndiyo inayotuponza wengi.

Yanayowahusu wote wanne

Beta anapumua hewa. Juu ya matamvua ana kiungo kiitwacho labirinti, na kila baada ya muda utamwona anapanda, anabusu uso wa maji, anashuka, kama afanyavyo kambare. Ndiyo sababu hafi upesi kikombeni, na ndiyo sababu watu hudhani kikombe kinamtosha. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, huyu hana makuu, hata kwenye glasi anaishi." Anaishi kweli, kama mtu anavyoishi ndani ya lifti iliyokwama. Hewa anayo, kinachomuua ni amonia itokayo kwenye uchafu wake mwenyewe. Tangi jipya liendeshe na chujio wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki, ukidondosha chembe chache za chakula zioze, ili wapate kukaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Siku ya kumweka samaki, amonia na nitriti zisome sifuri.

Chujio liwe la sifongo au lolote lenye mkondo mpole. Maji ya bomba yakikaa ndoo wazi siku nzima, klorini hupungua. Kama mamlaka yenu hutia kloramini, kusubiri hakusaidii, nunua dawa ya kuondolea. Maji ya kisima ambayo ukionja unasikia chumvi, waachie deki.

Joto wanalotaka ni nyuzi 25 hadi 28. Tanga, Dar, Zanzibar na Mombasa unaweza kupitisha sehemu kubwa ya mwaka bila hita. Mimi nilianza kufuga Tanga nikajiona fundi. Nilipohamia Arusha, Juni ya kwanza tu, samaki wangu akaanza kulala juu ya jani mchana kutwa, mapezi yamebana kama mwavuli uliofungwa. Nikadhani mgonjwa. Nikamtilia chumvi, nikambadilishia maji, nikamwonea huruma. Siku ya nne nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 19. Hita ya wati 50 ilimponya kwa usiku mmoja, na dawa niliyonunua bado iko kabatini. Aliyeko Nairobi, Mbeya au Iringa asinunue samaki kabla ya hita. Umeme ukikatika usiku wa baridi, lifunike tangi blanketi ukimwachia upenyo wa hewa. Atapanda kuvuta pumzi mwenyewe, lakini joto likishatoroka halirudi.

Kuna kitu kimoja ambacho wafugaji wa mbali hukinunua kwa paketi na sisi wa pwani tunakifagia kila asubuhi: majani ya mkungu. Wathai wameyatumia tangu zamani kwenye vyombo vya beta. Chukua yaliyokauka na kuanguka yenyewe, yale ya kahawia, mbali na barabara yenye moshi na bustani inayopuliziwa dawa. Yasuuze, tia moja kwa lita 20 hivi. Baada ya siku mbili maji yanageuka rangi ya chai nyepesi, uchachu unaongezeka kidogo, na samaki anatulia kwa sababu hayo ndiyo maji ya kwao. Kwa plakati mwenye wahka, jani hili limenisaidia kuliko chupa yoyote ya dukani.

Chakula chao ni nyama: wadudu na mabuu. Chembe za dukani zenye protini nyingi zinatosha kwa siku za kawaida, 3 au 4 asubuhi na kiasi hicho jioni, na siku moja kwa wiki bila chakula. Viluwiluwi vya mbu ni pilau kwao. Ukivifuga, ndoo ifunikwe kwa wavu na uvivune vyote kabla ya juma kwisha. Dar ilipigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda sana ndoo ya maji safi iliyosahaulika uani. Usije ukalisha samaki mmoja ukaugua mtaa mzima.

Plakati dume wa kawaida

Tabia. Huyu ndiye askari. Dume mwenzake hawezi kukaa naye, tangi liwe kubwa namna gani. Jike naye hakai naye, isipokuwa kwa saa chache za kuzalisha na macho yako yakiwa pale pale. Ukigawa tangi kwa kizuizi, kizuizi kisiwe cha kuona upande wa pili, maana kuvimba kutwa nzima kunamchosha kama homa. Kwa samaki wengine inategemea yeye mwenyewe. Nimekuwa na plakati aliyeishi na koridora sita, wale samaki wapole wa chini ya tangi, bila ugomvi, na ndugu yake wa tumbo moja alimaliza kamba wadogo kumi na mbili kwa wiki mbili, mmoja mmoja, kama mtu anayekula karanga. Usimweke na gapi wenye mikia ya rangi: kwake ile ni bendera ya adui. Kwako wewe, hata hivyo, ni samaki wa kupendeza mno. Anakujua. Anakuja kioo ulipo, anafuata kidole, anachukua chakula mkononi. Ukimwonyesha kioo cha kujitazamia dakika mbili tatu kwa siku, anavimba, anajinyoosha, anashiba vita. Kisha kitoe. Kukiacha ni kumtesa.

Nafasi. Lita 20 ndizo za kuanzia, 30 ni bora kwake kuliko kwa yule wa mapezi marefu, kwa sababu huyu anaogelea kweli. Upana unamfaa kuliko kina. Na kifuniko. Wangu wa kwanza alikuwa na kifuniko chenye tundu la waya wa hita, tundu la kupitisha vidole viwili. Asubuhi tangi lilikuwa tupu. Nilitafuta kwenye mimea, kwenye chujio, hata kwenye ndoo. Nilimpata jioni nyuma ya meza, mita moja na nusu kutoka kwenye tangi, mkavu kama dagaa, na vumbi la sakafuni limemganda kwenye pezi la mgongo. Tangu siku hiyo kila tundu naliziba kwa sifongo.

Malezi. Ni rahisi. Robo ya maji kila wiki, chembe zake, jani lake la mkungu. Mapezi yakichanika hupona upesi kwa sababu ni machache ya kuponya. Anachodai ni shughuli: mimea ya kupenya, jani pana la kulalia karibu na uso wa maji, na mapambo ya kuhamishwa mara moja moja ili apate cha kukagua. Akikosa shughuli hutembea mbele ya kioo huku na huku kama mlinzi wa getini.

Kasoro. Wale wenye magamba mazito ya fedha, yanayong'aa kama bati, wanapendwa sana. Lakini kwa baadhi yao gamba hukua likapanda jichoni na samaki akawa kipofu. Tazama macho yote mawili kabla hujafungua pochi. Wale wa mabaka mekundu, meusi na meupe nao wana jeni ya kubadilisha rangi: uliyemnunua mweupe mwenye doa moja anaweza kuwa bluu baada ya miezi. Si ugonjwa. Ila ukilipia doa, jua kwamba linaweza kuhama.

Anamfaa nani? Anayetaka samaki mmoja mwenye haiba, tangi dogo la mezani, na ambaye hatajaribiwa kumtafutia "mwenza".

Plakati jitu

Tabia. Ni plakati yule yule aliyechaguliwa kwa ukubwa. Huko Thailand wafugaji wamemkuza hadi akafika sentimita 8, wengine 10 pamoja na mkia, wakati wa kawaida huishia 5 au 6. Wengi niliowaona ni wazito wa kuchokozeka. Wanavimba polepole, kama mzee anayeamka kwenye kiti. Lakini uzito huo usikudanganye: mdomo ni mkubwa zaidi, na samaki mdogo kama neoni anaweza kuingia mzima mzima. Kwa mwenye nyumba ni mtulivu na anazoea mkono vizuri.

Nafasi. Lita 40 kwenda juu. Hapo hapana mjadala. Kwenye lita 20 anageuka kwa kujipinda, na uchafu wake unalishinda chujio.

Malezi. Anakula karibu mara mbili ya mwenzake, na anachafua kwa kiwango hicho hicho. Ukiruka wiki moja ya kubadilisha maji kwa plakati wa kawaida, pengine utasamehewa. Kwa jitu, kipimo cha nitrati kitakuumbua. Hita iwe kubwa kulingana na maji. Anaruka pia, na anaporuka kifuniko chepesi hakimzuii, kwa hiyo kiwe cha kubana.

Kasoro. Angalia uti wa mgongo kwa juu na kwa ubavuni. Ukuaji wa haraka huficha migongo iliyopinda, ambayo utaiona samaki akisimama tuli. Jihadhari pia na "jitu" wa sentimita 5 anayesemekana bado anakua. Omba kuwaona wazazi au picha zao. Bila hivyo umenunua plakati wa kawaida kwa jina la jitu.

Anamfaa nani? Mwenye tangi la lita 40 lililokwisha komaa na anayetaka samaki mmoja wa kuonekana kutoka upande wa pili wa sebule.

Beta jike

Tabia. Watu humnunua wakidhani ni toleo la upole. Ni jasiri kama kaka yake, ila ugomvi wake ni wa cheo. Wakiwekwa majike kadhaa pamoja, hupangana nani wa juu nani wa chini, kwa kufukuzana na kung'atana mapezi, na amani inayopatikana inaweza kudumu miezi kisha ikavunjika usiku mmoja. Akiwa peke yake kati ya samaki watulivu wa aina nyingine, mara nyingi ni mwepesi wa kuishi naye kuliko dume: anawapita, anawakagua, anaendelea na shughuli zake. Kwako ni mdadisi na mlafi, wa kwanza kufika chakula kikidondoka.

Kuhusu "kundi la majike" nina msimamo, na najua wapo wasioukubali. Linawezekana kwa mfugaji mzoefu mwenye lita 80 na zaidi, mimea iliyosongamana hadi huoni ukuta wa nyuma, majike watano au sita waliokua pamoja, na vyombo vya akiba vya kumtenga atakayeonewa. Usipokuwa na hivyo vyote, usilianzishe. Nililijaribu mara moja na majike wanne wa duka tofauti. Wiki ya tatu nilikuwa na tangi moja na ndoo tatu.

Nafasi. Peke yake, lita 20 kama dume. Ni mdogo wa mwili, lakini haogelei kidogo kuliko yeye.

Malezi. Sawa na plakati wa kawaida, na uangalifu zaidi kwenye tumbo. Jike hutunga mayai hata bila dume, tumbo likajaa, na mwenye nyumba akadhani amevimbiwa. Mistari ya kusimama ubavuni huashiria yuko tayari kuzaa. Mistari ya kulala kichwani hadi mkiani huashiria hofu, na ndiyo utakayoiona siku ya kwanza.

Kasoro. Kubwa ni kwamba huenda si jike. Plakati dume akiwa mchanga ana mapezi mafupi na mwili mwembamba, na huuzwa sana kama jike. Tafuta kitone cheupe, kama punje ya chumvi, chini ya tumbo nyuma ya mapezi mawili membamba yanayoning'inia. Kisha mwonyeshe kioo: akivimba na ndevu nyeusi pana zikatokeza chini ya mashavu, huyo kijana wa kiume. Kosa hili ndilo linaloanzisha vita kwenye "kundi la majike".

Anamfaa nani? Mwenye tangi la jamii la samaki watulivu anayetaka beta mmoja ndani yake, au anayeanza mwenye bajeti ndogo ambaye hajali kukosa mbwembwe za dume.

Imbelisi

Tabia. Betta imbellis ni jamii nyingine kabisa, ya kusini mwa Thailand na Malaysia, iliyopewa jina na Werner Ladiges mwaka 1975. Jina lenyewe kwa Kilatini ni asiye wa vita. Limetiwa chumvi kidogo. Madume huvimba, huzungukana, husukumana, kisha aliyeshindwa huondoka na mshindi humwacha aende, mradi pawe na mahali pa kwenda. Kwenye tangi tupu lisilo na maficho hata huyu hugeuka. Kwa samaki wengine wadogo ni jirani mwema, na mara nyingi yeye ndiye anayeonewa. Kwako? Atakuficha uso mwezi mzima. Asubuhi utaona hilali nyekundu ya mkia wake ikipotea nyuma ya jani, basi.

Nafasi. Dume na jike lita 40; kikundi kidogo, 80 na kuendelea, chenye mimea inayoelea na majani ya mkungu yaliyorundikana chini. Ni mrukaji hodari kuliko wote wanne. Kwenye tundu ambalo plakati angekwama, yeye anapita.

Malezi. Anapenda maji laini yenye uchachu kidogo, ingawa aliyezaliwa kwa wafugaji huzoea ya bomba yaliyotulizwa. Ugumu uko kwenye chakula: wengi hukataa chembe kavu wiki za kwanza, na usipokuwa na viluwiluwi au viroboto-maji utamtazama akikonda. Faida yake ni kwamba ukimpatia mazingira, atakuonyesha maisha: dume anafuma kiota cha mapovu chini ya jani, anaokota mayai kwa mdomo, anayalinda. Ya plakati ni hivyo hivyo, lakini plakati lazima umtoe jike mara moja kabla hajauawa. Imbelisi wengi huvumiliana.

Kasoro. Anazaa na Betta splendens, na watoto wa mseto nao wanazaa, kwa hiyo wengi wanaouzwa kwa jina la imbelisi wana damu ya plakati, na hasira zake. Nunua kwa mfugaji anayejua asili ya mbegu yake. Usiwachanganye nyumbani.

Anamfaa nani? Anayependa kutazama samaki wakiishi wenyewe kuliko samaki wa kuchezewa, na mwenye subira na ndoo ya viluwiluwi.

Bega kwa bega

Kwa urafiki na mwenye nyumba, plakati wa kawaida na jike wako mbele, jitu anafuata, imbelisi yuko mbali nyuma. Kwa kukaa na wengine mpangilio unakaribia kugeuka: imbelisi kwanza, jike peke yake wa pili, madume wa plakati mwisho. Kwa kusamehe makosa ya mwanzo, plakati wa kawaida na jike wanalingana. Jitu husamehe kasoro za chakula lakini si za maji, na imbelisi kinyume chake. Kwa kuruka, wote wanaruka.

Lakini jedwali lolote utakalochora litavunjwa na samaki mmoja. Tofauti kati ya plakati na plakati mwenzake inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya plakati na jike. Ndiyo maana dukani nasimama dakika kumi mbele ya kikombe kimoja. Nataka aone kidole akifuate au akivimbie, vyote ni sawa; anayelala chini bila kujali nampita. Naomba alishwe nikiwa pale. Nataka mapezi yaliyofunguka, jicho safi, kinyesi cheusi, na mwili usio na vumbi la dhahabu wala punje nyeupe.

Kwa hali yako

Una meza ya ofisi au chumba kimoja cha kupanga, na pa kuweka lita 20 hadi 30: plakati wa kawaida au jike. Kama hurudi nyumbani mpaka usiku, chukua jike. Plakati anayekosa shughuli kutwa utamkuta na wahka.

Una watoto wadogo wanaotaka samaki "anayewajua": plakati. Wafundishe kwanza kwamba chembe tatu ni chakula na kiganja kizima ni msiba.

Tayari una tangi la koridora na neoni: jike mmoja, aingie mwisho baada ya wengine, na uwe na chombo cha kumhamishia endapo atabadilika. Jitu hapo usimlete kabisa.

Una lita 80 na mimea, na umeshafuga miaka kadhaa: imbelisi kikundi kidogo, kabla ya kufikiria majike. Kama bado moyo uko kwa majike, anza na ndugu wa tumbo moja.

Uko nyanda za juu na umeme wenu ni wa mgawo: chagua maji mengi, maana lita 40 hupoa polepole kuliko 20. Hapo hata plakati wa kawaida mpe tangi la jitu.

Unataka kuzalisha: si plakati, si kwa mara ya kwanza. Mzao mmoja ni mamia ya watoto, na madume wakifika miezi mitatu kila mmoja anadai chombo chake. Imbelisi watakufundisha kwa gharama ndogo zaidi ya ndoo. Na watakaozidi wape wafugaji wenzako. Mtoni au bwawani wasiingie kamwe, maana huko kuna wenyeji ambao hawakuwaalika.

Una chombo cha lita 5 tu na hutanunua kingine mwaka huu: panda mimea ya maji ndani yake, iache ikue.

Ukishamleta nyumbani, kikombe chake kielee juu ya tangi nusu saa ili joto lilingane, mchanganyishie maji kidogo kidogo, kisha mtoe kwa wavu na maji ya dukani uyamwage. Kikombe chenyewe kioshe ukiweke. Siku ya kusafisha tangi ndicho utakachomchotea.